Kiraka cha Ubavuni

Jumatatu, 3 Machi

Elfu moja! Leo saa nne na dakika kumi asubuhi nimeteremsha mzigo wangu wa elfu moja, kutoka juu machimboni hadi kwenye mashine ya kusaga kokoto. Mara elfu moja za mteremko ule, tani ishirini za mawe mgongoni mwa lori kila mara, na sijakwaruza hata kioo cha pembeni. Nimehesabu mwenyewe, vijistari vya chaki kwenye mfuniko wa sanduku la vifaa, vitano vitano. Nilipopindua mzigo nikapiga honi tatu. Hakuna aliyejua ni za nini. Nilijua mimi, basi.

Madereva kumi na mmoja, mwanamke peke yangu. Wamenibandika jina Bi Breki kwa sababu kila nikifika chini nashuka kukagua gari. Waniite watakavyo. Bi Breki ana elfu moja!

Kitu kimoja kimenitilia kitumbua mchanga. Safari hiyo hiyo jiwe lenye ncha kama shoka limechana tairi la mbele, kulia. Ubavuni. Mchano wa urefu wa kidole changu. Nimeliacha bandani kwa shemeji, mume wa dada yangu. Ndiye fundi matairi wetu, miaka ishirini na mbili banda lile lile, wanamwita Daktari. Nikamwambia sidhani kama ubavu unazibika. Kacheka. "Shemeji, mgonjwa wako analala wodini leo. Kesho anatembea."


Jumanne, 4 Machi

Mgonjwa ametembea — kwa kuchechemea.

Saa moja kamili Namba Nne, lori langu, ilikuwa tayari imefungwa gurudumu. Ndani shemeji kabandika kiraka kipana kama kiganja, nje kajaza mpira, kausugua, kaupaka mweusi. Kwa macho, kazi ya kupiga picha. Nikapitisha mkono. Pale penye kiraka pameinuka. Kidogo tu, kama nusu ya yai chini ya ngozi.

Nikateremka nalo hivyo hivyo. Mara moja! Najilaumu. Kwa nini nilikubali? Najua kwa nini. Miaka minne iliyopita ni shemeji aliyenishika mkono akanipeleka kwa msimamizi na kusema, huyu mwanamke lori analiweza. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kazi yake huiamini?

Usukani ulivuta kulia njia nzima. Chini nikashuka, nikagusa tairi — moto! Moto wa sufuria. Yale mengine vuguvugu tu. Na lile nusu yai sasa ni yai zima.

Nikaegesha. Nikachomoa funguo.

Nilimweleza shemeji taratibu, nikijaribu kuteremsha sauti. Kwamba kiraka kinazuia upepo usitoke, ila nyuzi zilizokatika ndani hakizishoni. Kwamba msumari ukiingia chini, kwenye meno, ziba, sina neno. Lakini ubavu ndio unaokunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na juu yake kuna tani ishirini. Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Shemeji akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Unanifundisha kazi, shemeji?"

Alisema polepole, bila hasira. Angepiga kelele, ningeumia zaidi? Hapana, kidogo kuliko hapo.

Akatokea msimamizi, Chapchap. Jina lake jingine silijui tena, na nadhani hata mkewe kalisahau. Mashine inasubiri mawe! Nani kasimamisha gari? Nikasema ni mimi, na kwa tairi lile sishuki. Akasema wapo watakaoshuka. Nikampa funguo.


Jumatano, 5 Machi

Nimepewa fagio. Mimi na safari zangu elfu moja, fagio!

Nafagia eneo la mizani, chini kabisa ya mteremko, baada ya kona ya mwisho. Hapo pana kibanda cha mabati wanamokaa makarani wawili, mama mtu mzima na binti mmoja mcheshi, wanaandika uzito wa kila lori. Nimekaa na fagio langu nikitazama. Kibanda kiko upande wa kulia. Lori likikosa kona, ni pale pale.

Namba Nne kapewa Mrefu. Ni mtu mwema, anaendesha akiwa amejikunja kama mwavuli. Nikamfuata wakati wa chai. Nikamwambia: shuka na gia ya kwanza tu, ukae kushoto, upande wa mlima. Tairi likipasuka litakuvuta kulia. Usikanyage breki! Ukikanyaga kwa nguvu gari linalala. Shika usukani kwa mikono yote miwili, liache lipunguze mwendo lenyewe kwa gia. Akacheka, "Haya, Bi Breki wa kusema nisikanyage breki." Lakini nilimsikia akirudia maneno yale mwenyewe akipanda ngazi ya lori.

Halafu makarani. Nikawaambia wahamishe meza, wakae nyuma ya lundo la kokoto, kwa sababu ya tairi. Wakanitazama kama nimepigwa na jua. "Unatufukuza ofisini kwetu?" Nikafikiri. Nikasema, na kule kuna kivuli hadi saa tisa. Wakahama hapo hapo, meza, viti viwili na chupa ya chai!


Alhamisi, 6 Machi

Wako hai. Wote wako hai. Naanza na hilo nisije nikaandika vibaya.

Saa tano na dakika ishirini. Nilikuwa nimeinama na fagio. Mlio kama mlango wa chuma ulioanguka kutoka ghorofani — halafu vumbi — halafu Namba Nne ikatoka ndani ya vumbi ikiwa imeinamisha bega la kulia, rimu tupu inakata barabara na kurusha cheche. Ilivuta kulia. Nilimwona Mrefu juu, mikono miwili kwenye usukani, mdomo wazi. Haikuwa mwendo mkubwa. Hiyo ndiyo iliyomwokoa, gia ya kwanza! Ikapita juu ya kibanda cha mizani. Juu yake, kabisa. Mabati yakakunjika kama karatasi ya maandazi. Ikaingiza pua ndani ya lundo la mchanga, ikakohoa, ikazima.

Kimya.

Nikakimbia. Nyuma ya lundo la kokoto yule mama karani alikuwa amesimama, kikombe mkononi, chai haijamwagika hata tone. Binti kajishika kichwa. Wanatazama pale kilipokuwa kibanda chao.

Mrefu aliteremka mwenyewe. Akakaa kwenye ngazi ya lori. Akanitafuta kwa macho, na aliponipata akasema, "Sikukanyaga breki."

Nikampiga bega. Nikalia, nikacheka, nikamkumbatia mama karani na kikombe chake, hapo ndipo chai ilipomwagika. Sijui watu wa machimbo wanatuonaje na wala sijali. Watu watatu leo wamerudi nyumbani kwa miguu yao!

Shemeji alikuja hadi ukingoni mwa mteremko. Akatazama. Akageuka akarudi bandani.


Ijumaa, 7 Machi

Dada kanipigia simu asubuhi mapema. Mume wake hajala tangu jana. Anasema madereva wanamtazama kama muuaji. "Na wewe ungeshindwa kumwambia faragha?" Nikamwambia, dada, nilimwambia, watu wakaja wenyewe. Kisha akauliza kama nimelala vizuri. Ndiye dada yangu huyo, hawezi kunigombeza dakika mbili mfululizo.

Saa mbili Chapchap kaita kikao uwanjani. Keshapata mkosaji, Mrefu! Eti mwendo kasi. Mrefu kasimama pale, mwavuli umekunjwa kabisa.

Sikuomba ruhusa. Nikaenda kwenye kile kilichobaki cha tairi, nikakiburuta hadi katikati ya duara, nikaomba kisu kikali. Hakuna aliyenipa. Mwishoni mama karani kanipa kile cha kukatia nyanya zake. Nikakata mpira, nikaufungua kama kitabu. Nikawaambia waje wachungulie.

Kiraka kilikuwa mahali pake. Kimeshika! Hakikubanduka hata pembe moja. Nyuzi zinazokizunguka ndizo zilizokuwa zimekatika, moja baada ya nyingine, ncha zake zimeungua kama nywele kwenye moto.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma. Nikamwita kwa sauti wote wasikie. "Njoo uone. Kiraka chako hakikuachia. Kazi yako ilikuwa nzuri, shemeji. Ulichokiziba ndicho kilichokuwa kimekwisha kufa."

Akaja. Akapiga magoti. Akapitisha kucha juu ya zile ncha, muda mrefu. Akainuka akaondoka.

Lakini Chapchap hakutaja tena mwendo kasi. Na Mrefu akanyooka, akawa mrefu kweli!


Jumamosi, 8 Machi

Masikio bado yanalia nziiii. Naandika polepole.

Mchana nilikwenda bandani kupatana na shemeji. Nilibeba chupa ya chai na maneno niliyokariri njia nzima. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda chake, anajaza upepo tairi la nyuma la Namba Tisa. Dereva alikuwa ametembea nalo likiwa limelala, bila upepo, kutoka juu hadi chini. Pancha ndogo tu, kwenye meno, shemeji keshaiziba. Tairi limelala chini, yeye kaliinamia. Kile kizimba cha chuma, ambamo tairi linapaswa kufungiwa wakati wa kujazwa, kipo kona ya banda, juu yake zimeanikwa ovaroli mbili na taulo.

Nikasema shikamoo ya utani, hakuitikia. Kompresa inanguruma. Nikatafuta pa kuweka chupa.

Ndipo nikasikia. Tik. Tik-tik. Kama mahindi yanayoanza kupasuka kwenye kikaango. Inatoka ndani ya tairi.

Sauti hiyo nilielezwa na mwalimu wa chuo cha udereva, mzee aliyekuwa na mkono mmoja. Alisema: tairi lililotembezwa bila upepo limekwisha kusagika ubavuni, kwa nje huoni kitu. Ukilijaza, nyuzi zinaanza kukatika. Ukisikia tik, usitafute inatoka wapi.

Sikutafuta. Nilimkamata shemeji kwa mkanda wa suruali, nikamvuta kama gunia. Yeye ni mzito! Sijui nguvu nilitoa wapi. Tulianguka nyuma ya rundo la matairi mabovu, mimi chini, yeye juu, chai katikati.

Halafu banda zima likapiga kofi.

Vumbi lilipotua tulichungulia. Ubavu umefunguka mzunguko nusu, umenyooka kama zipu. Kompresa imelala chali. Kigoda hakipo. Tulikitafuta kwa macho chini, kisha tukatazama juu — kimekwama kati ya boriti na bati, miguu mitatu inaning'inia.

Dakika moja kabla shemeji alikuwa amekikalia.

Tulicheka. Naapa, tulicheka hadi tukashika mbavu, viziwi wawili waliolowa chai, hakuna anayemsikia mwenzake. Kisha yeye akaacha kucheka. Akanishika mkono. Akapiga kelele, maana hakujisikia mwenyewe: "ULISIKIA NINI?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, sikioni. Akauliza tena. Nikarudia. Mara ya tatu akasema yeye, nikamsahihisha kidogo tu. Kisha akainuka, akaenda kwenye kile kizimba, akaondoa ovaroli na taulo, akakikokota hadi katikati ya banda.


Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa dada. Alinifungulia mlango, akanishika mashavu kwa mikono yenye unga, hakuniachia. Uso wangu wote unga!

Mezani shemeji kakiri jambo. Miaka ishirini na mbili anaziba matairi, hajawahi hata siku moja kupanda lori kushuka mteremko ule. Anafika kazini kwa lango la chini, anaondoka kwa lango la chini. "Nilikuwa nayaona yakienda na yakirudi," kasema. "Kule katikati sikujui."


Jumatatu, 10 Machi

Siku hii niikumbuke nikiwa kikongwe nisiye na jino!

Saa moja asubuhi funguo kumi na moja zinaning'inia kwenye ubao wa Chapchap. Hakuna aliyezichukua. Madereva wote wamekaa kwenye ukuta, mikono kifuani, kama wanasubiri picha ya harusi. Chapchap anazunguka, mashine inasubiri, mawe yanasubiri, mnasubiri nini nyinyi?

Mrefu kajibu. "Tunamsubiri Bi Breki akague."

Nilikuwa naingia langoni na fagio langu. Niligeuka nyuma kuona wanamtazama nani!

Na jina lile — nimelibeba miaka minne kama kijiwe kiatuni — Mrefu alilisema kama vile mtu anavyosema Mheshimiwa.

Chapchap katazama funguo, katazama saa, kanitazama. Nilimwona anapiga hesabu kichwani, na hesabu imekataa. Akaja akachukua fagio mkononi mwangu. Akasema, "Haya. Unaanzia wapi?" Nikasema, naanzia na fundi wangu. Nikaelekeza bandani. Shemeji alikuwa tayari mlangoni, kavaa ovaroli iliyofuliwa.

Na Chapchap, kwa kuwa hajui kukaa bila kufanya kitu, akafagia!


Jumanne, 11 Machi

Siku mbili, matairi mia moja na kumi. Migongo imekwisha. Shemeji anashika tochi ndani, mimi nje. Anapitisha kiganja, mimi napitisha cha pili, tukikubaliana anapiga msalaba wa rangi nyekundu. Kumi na tisa yamekufa. Kati ya hayo, kumi na manne yana viraka vyake vya ubavuni. Kila kimoja anakikumbuka! "Hiki ni cha mwezi wa nane, mvua ilinyesha." "Hiki nilijivunia." Na anapiga msalaba. Nilimwambia baki na mengine niyapige mimi. Akakataa. "Vyangu napiga mwenyewe."

Jioni, jua bado kali, matairi mapya ya mwanzo yameletwa. Namba Nne imenyooshwa bampa, imebadilishwa taa, imevaa viatu vipya mbele. Nikapanda. Mlango wa pili ukafunguka, shemeji akaingia. Akafunga mkanda, akaukagua mara mbili.

Tukapanda juu, tukapakia, tukashuka. Tulipoinamisha pua pale juu, ambapo barabara inapotea na unaona hewa tu, alishika dashibodi kwa mikono miwili akafumba macho. Nilisikia midomo yake ikisema kitu. Gia ya kwanza. Kushoto, upande wa mlima. Tani ishirini za mawe nyuma yetu zinasukuma kama umati wa watu mlangoni. Kwenye kona ya mwisho alifumbua.

"Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo. Kila siku."

Pale nilipozima injini aliteremka kabla yangu, akaenda kwenye tairi la mbele kulia, akaweka kiganja. Akakiacha hapo.

"Vuguvugu," kasema. Machozi yanamtoka na anacheka. "Vuguvugu tu, shemeji!"

Ile ya kiraka siihesabu. Elfu moja na moja.


Jumatano, 12 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya boneti. Saa sita. Nitaandika upesi.

Mwenye kampuni amekuja. Hatukumtarajia. Gari lake kubwa la porini, jeupe, wageni wanne ndani kwa suti, anataka kuwapandisha juu wakaone machimbo mapya. Chapchap alikuwa amekwisha kuinua kizuizi cha lango mwenyewe, mbio mbio, anatabasamu meno yote.

Ni shemeji aliyeona. Tairi la nyuma, kushoto. Aliniita kwa kidole bila kugeuza kichwa. Kiraka ubavuni, kimesuguliwa, kimepakwa mweusi. Kazi ya kupiga picha. "Changu," kasema. "Wiki tatu zilizopita. Alinisifu mbele ya watu."

Nikaenda nikateremsha kizuizi.

Chapchap kanijia juu, ananong'ona kwa kelele. Hilo si lori! Halimo kwenye orodha! Unajua yule ni nani? Nikasema najua. Mteremko haujui. Madereva wamezima injini. Moja, nyingine, nyingine. Mashine ya kusaga imebaki peke yake inanguruma, na sasa hata hiyo imenyamaza — karani wetu mama mtu mzima amekwenda kumwomba mtu wa mashine aizime!

Honi. Honi ya pili, ndefu.

Mlango wa gari jeupe umefunguka. Mwenye kampuni kateremka, anafunga kifungo cha koti. Ameuliza, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuuliza mara mbili: nani amefunga lango?

Nilikuwa navuta pumzi nijibu. Mkono wa shemeji ukawa umenyooka juu, mweusi wa grisi, kabla wangu haujatoka mfukoni. Nikanyoosha na mimi, nikataja tairi la nyuma, kushoto. Kisha Mrefu. Sasa sioni vizuri kwa wingi wa mikono. Mwenye kampuni anatembea, hakwenda kwa Chapchap. Amepinda. Anakwenda nyuma ya gari lake, upande wa kushoto, anainama, anaweka kiganja juu ya kiraka —